Baba mmoja, nyumba nyingi: wana wa Seyyid Said na fumbo la ndugu wasiofanana

Mwezi wa Oktoba 1859 wapiganaji wa Seyyid Majid bin Said, wakisaidiwa na mabaharia wa manowari za Kiingereza, walilishambulia shamba la Marseilles, nje ya mji wa Unguja. Ndani yake alikuwa amejichimbia mdogo wake Majid, Seyyid Barghash, pamoja na wafuasi waliotaka akalie kiti cha kaka yake. Wote wawili walikuwa wana wa Seyyid Said bin Sultan, aliyekuwa mtawala wa Oman na Unguja, nao walipishana miaka michache tu. Nyuma ya Barghash walikuwapo dada zake Meje na Khole, na mwingine, Salme, binti wa miaka 15 aliyeandika barua za siri za njama hiyo kwa mkono wake. Barghash alishindwa akapelekwa uhamishoni Bombay. Miaka 11 baadaye Majid alifariki, Barghash akatawala, na Salme alikuwa Ujerumani akiitwa Emily Ruete, mjane wa mfanyabiashara wa Hamburg. Baba mmoja, dini moja, neema ileile. Kisha mmoja akawa mtawala mpole, wa pili mwasi aliyegeuka mtawala mkali, wa tatu akaihama nchi, dini na jina.

Kwa fumbo la namna hii huwa tuna majibu mawili yaliyo tayari mdomoni. La kwanza ni kwamba vidole vya mkono havilingani, kwa hiyo hakuna la kueleza. La pili ni kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka, kwa hiyo mwenye tabia ngumu ameirithi kwa babu au kwa mjomba fulani. Majibu haya yanapingana, lakini yana kasoro moja: yote mawili yanafunga mjadala kabla ya mtu kuuliza swali. Hoja yangu ni kwamba tofauti za ndugu zitafutwe kwanza katika nafasi ambayo kila mmoja aliishika ndani ya ukoo: alizaliwa na mama gani, alikulia nyumba ipi, alikuwa na umri gani msiba ulipoingia, na nani alikuwa karibu naye siku hiyo. Ipo zana ya kutulazimisha tuyaangalie hayo kabla hatujatoa hukumu. Inaitwa jenogramu, na watoto wa Seyyid Said wanafaa kuwa mtihani wake kuliko familia nyingi za Ulaya na Marekani ambazo wataalamu wamezoea kuzichora.

Jenogramu ni mchoro wa ukoo wa vizazi vitatu au zaidi, lakini haishii kwenye majina. Mwanamume huchorwa kwa mraba, mwanamke kwa duara. Ndoa kwa mstari wa kulala, watoto wakining'inia chini yake kutoka kushoto kwenda kulia kwa kufuata kuzaliwa. Aliyefariki huwekewa alama ya X. Kisha huja sehemu inayoitofautisha na michoro mingine: mistari sambamba huonyesha watu walioshikamana mno, mstari wa msumeno huonyesha ugomvi, na mstari uliokatwa katikati huonyesha waliovunja uhusiano. Huandikwa pia maradhi, kuhama, miaka ya vifo na nani aliishi na nani. Msingi wake uliwekwa na Murray Bowen, daktari wa akili wa Marekani, aliyeanza katika miaka ya 1950 kuziangalia familia nzima badala ya mgonjwa mmoja mmoja. Mwaka 1985 Monica McGoldrick na Randy Gerson walichapisha kitabu kilichozieneza alama hizi kwa wanasaikolojia na maafisa ustawi wa jamii, wakitumia familia mashuhuri, ikiwamo ya Sigmund Freud, kama mifano.

Watu wa pwani wanaweza kusema kwamba sisi tumeweka nasaba tangu zamani, hivyo jipya ni lipi? Jipya ni akina mama. Nasaba ya Al-Busaidi, ukoo wa Seyyid Said, ilivyozoeleka kuandikwa ni mlolongo wa wanaume: Said bin Sultan bin Ahmad bin Said. Ukiisoma hivyo, Majid, Barghash, Thuwaini, Khalifa na wenzao wote wanalingana, kila mmoja ni bin Said. Hata sheria iliwalinganisha: watoto wa suria walizaliwa huru, wakamrithi baba yao sawa na watoto wa mke wa ndoa. Salme anaandika katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, kwamba baba yao alipofariki aliacha watoto 36 walio hai, wa kiume 18 na wa kike 18, na kwamba wote walizaliwa na masuria. Kwenye karatasi ya nasaba, watoto hao ni safu moja ndefu chini ya jina moja. Kwenye jenogramu safu hiyo inapasuka na kuwa vifungu vingi, kila kifungu na mama yake: huyu Mcherkasi kutoka Kaukazi, yule Mhabeshi, mwingine kutoka Mesopotamia, kila mmoja ameletwa Unguja akiwa mtumwa, kwa njia yake na kwa machungu yake.

Tukishavichora vifungu hivyo, uasi wa 1859 unaanza kuonyesha sura isiyoonekana mwanzoni. Barghash na Meje walikuwa wa tumbo moja, mama yao Mhabeshi. Meje alisimama na kaka yake. Majid alikuwa na dada wa tumbo moja, Khaduji, naye haonekani popote miongoni mwa waasi. Mistari ya ugomvi inapita baina ya matumbo, haipiti ndani yake. Jozi mbili hazitoshi kuthibitisha kanuni, wala sidai hivyo. Zinatosha kuonyesha kwamba neno "ndugu" lilibeba uzito wa namna mbili katika ukoo ule: undugu wa jina, uliotoka kwa baba, na undugu wa kila siku, uliotoka kwa mama, chumba chake na watumishi wake. Seyyid Said alikuwa na dola ya kuiendesha kutoka Maskati hadi pwani ya Afrika Mashariki, na aliweza kukaa Oman kwa miaka kadhaa mfululizo. Aliyekuwapo wakati mtoto anaugua au anaota jinamizi alikuwa mama.

Hapo ndipo uhusiano wa Majid na Salme unapoeleweka. Kwa nasaba, walikuwa ndugu wa baba tu, na Majid alimtangulia kuzaliwa kwa takriban miaka kumi. Lakini mama yake Majid, Sara, na mama yake Salme, Jilfidan, walikuwa Wacherkasi wote wawili, na Salme anasimulia kwamba waliahidiana: atakayebaki hai awe mama wa watoto wa mwenzake. Sara alitangulia. Majid alipofikia umri wa kuwa na nyumba yake, Beit al-Watoro, Jilfidan alihama jumba la Mtoni pamoja na Salme, akaenda kuishi naye. Majid alikuwa na maradhi ya kifafa, jambo ambalo jenogramu huliandika pembeni ya jina kwa sababu ugonjwa wa mmoja hugawa kazi za wengine. Aliyekuwa karibu naye kumwangalia alikuwa Jilfidan. Kwa hiyo sultani ambaye Salme alikuja kumfanyia njama alikuwa, kwa malezi, karibu sana na ndugu wa tumbo lake. Nasaba haiwezi kuuonyesha uzito wa tendo hilo. Jenogramu inauonyesha mara moja, na papo hapo inatudai maelezo.

Kwa nini basi Salme akavuka mstari? Tabia ya ukaidi anayo bila shaka. Mtoto aliyejifundisha kuandika kwa siri, akinakili maandishi ya Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia wakati wasichana hawakufundishwa kuandika, si mtoto wa kuburutwa. Lakini ukaidi peke yake haumwambii mtu aasi dhidi ya nani. Tazama tarehe. Mwaka 1856 baba anafariki. Kufikia wakati huo Salme na mama yake wamekwisha kuondoka kwa Majid, ambaye ameoa, na mazingira ya nyumba yamebadilika. Wanahamia jirani na jumba la Beit al-Sahil, karibu na Khole, dada mkubwa aliyekuwa kipenzi cha baba yao. Mwaka 1859 kipindupindu kinamuua Jilfidan. Ndani ya miaka mitatu msichana wa miaka 15 hana baba wala mama, hana kaka wala dada wa tumbo moja aliye hai, na mtu mzima aliye karibu naye kuliko wote ni Khole. Khole naye yuko upande wa Barghash. Salme mwenyewe anaandika kwamba alisitasita kati ya Majid aliyempenda na Khole asiyeweza kumkosa. Kilichomvuta hakikuwa madai ya Barghash juu ya kiti. Alivutwa na dada. Na ujuzi wake wa kuandika, uliokuwa mchezo wa utotoni, ukamfanya awe katibu wa uasi.

Barghash anahitaji maelezo ya aina nyingine, kwani hapa kosa letu kubwa ni kutazama tabia na kuisahau kanuni. Ukoo huo haukuwa na sheria kwamba mwana mkubwa ndiye anayerithi. Kwa mapokeo ya Kiibadhi, kiongozi huchaguliwa, na kwa vitendo kiti kilimwendea aliyeweza kukishika. Khalid, mwana aliyekuwa ameandaliwa kuitawala Unguja, alifariki mwaka 1854, baba akiwa hai. Oktoba 1856 Seyyid Said naye akafia baharini karibu na Ushelisheli akitoka Maskati, na mwana aliyekuwa naye merikebuni alikuwa Barghash. Salme anasimulia kwamba merikebu ilipofika, Barghash alimzika baba yao usiku kimyakimya, akajaribu kuushika mji kabla Majid hajajua; akashindwa. Thuwaini, aliyekuwa Maskati, naye alidai urithi wote, na ugomvi huo haukuisha hadi Uingereza ilipoigawa dola sehemu mbili mwaka 1861 na kuitaka Unguja iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Weka ndugu watatu wenye haki zinazokaribiana mbele ya kiti kimoja kisicho na kanuni, uone kama utapata utulivu. Hasira za Barghash zilikuwa zake, lakini mlango uliokuwa wazi mbele yake uliachwa na watu waliomtangulia.

Ushahidi mwingine ni yaliyotokea nafasi zilipobadilika. Barghash alipotawala kuanzia 1870 hadi 1888, mwasi yule akawa mlinzi mkali wa mamlaka, akaleta maji ya bomba mjini, akajenga Beit al-Ajaib, na mwaka 1873, chini ya shinikizo la Uingereza, akatia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Salme aliporudi Unguja mwaka 1885 akiwa ndani ya msafara wa manowari za Kijerumani kudai urithi wake, Barghash alikataa kumpokea. Wengi huona hapo roho mbaya ya mtu mmoja. Lakini angalia mistari: dada huyu alikuwa mshirika wake mwaka 1859, akapatana na Majid baada ya uasi kushindwa, akaondoka mwaka 1866 akiwa na mimba ya Mjerumani, akabatizwa, na sasa amerudi chini ya bendera ya taifa linaloinyemelea mali ya usultani bara. Mtu yuleyule ambaye wakati wa uasi alimsindikiza Barghash, aliyejifunika nguo za kike ili kuwakwepa walinzi, sasa alikuwa kwake tishio la aina mbili, la nyumba na la dola. Majid, aliyeasiwa naye, ndiye aliyemsamehe. Tabia za ndugu hawa wawili zilitofautiana, naam, lakini pia mmoja aliongea na mdogo aliyelelewa na mama yake mlezi, na mwingine aliongea na mshirika aliyemwacha.

Pingamizi la kwanza ni zito: kwa kuwa tunajua mwisho wa hadithi, tunaweza kuchora mistari yoyote iendane nao. Ni kweli, na wapo wanaoitumia jenogramu kama ramli. Mfano ni imani kwamba mzaliwa wa kwanza lazima awe mtiifu na kitinda mimba awe mkorofi. Mwaka 2015 watafiti watatu wa Ujerumani, Rohrer, Egloff na Schmukle, walipima takwimu za watu zaidi ya 20,000 wa Marekani, Uingereza na Ujerumani, wakakuta kwamba nafasi ya kuzaliwa haina athari ya maana katika sehemu kubwa ya tabia. Anayechora ili asome nyota ya mzaliwa wa pili basi aache. Kinga dhidi ya ramli ni kuutaka mchoro uonyeshe pia yasiyolingana na dhana yetu. Dhana ya "tumbo moja, upande mmoja" ilitabiri vizuri juu ya Meje. Juu ya Salme ilishindwa, na kushindwa huko ndiko kulikotupeleka kwenye tarehe za misiba na nyumba alizohamia. Na Khole? Yeye hakuwa wa tumbo moja na Barghash, wala mchoro hautoi sababu ya wazi ya yeye kumfuata. Tunaweza kudhani kwamba kifo cha baba kilimpokonya hadhi ya kipenzi na kumfanya amchukie aliyekuja kutawala, lakini hiyo ni dhana na iandikwe hivyo. Zana inayotuonyesha mahali tusipojua ina faida kuliko methali isiyoshindwa kueleza lolote.

Pingamizi la pili linatoka kwa wanasayansi wa urithi. Ndugu wa baba na mama mmoja hushirikiana wastani wa nusu ya jeni zinazotofautisha watu, na ndugu wa mzazi mmoja robo tu. Kwa nini tusiseme watoto wa Seyyid Said walitofautiana kwa sababu mama zao walitoka mbali? Sehemu ya jibu inaweza kuwa hiyo, na hakuna mchoro unaoweza kuikanusha. Lakini wanasayansi haohao ndio walioipa hoja ya malezi sura mpya. Mwaka 1987 Robert Plomin na Denise Daniels waliuliza kwa nini watoto wa familia moja hutofautiana sana, wakaonyesha kwamba mazingira yanayoathiri tabia ni hasa yale ambayo ndugu hawayashiriki: kila mtoto ana uzoefu wake ndani ya nyumba ileile. Watafiti waliowafuata wamepata shida kubwa kuyataja kwa majina mazingira hayo na kuyapima, kwa kuwa mengi ni ya bahati na ya mtu mmoja mmoja. Kwa hiyo jenogramu haipimi chochote, na asiyekubali hilo anaivika joho la sayansi isiyokuwa nayo. Kazi yake ni kuorodhesha kwa nidhamu mambo ambayo ndugu hawakuyashiriki, ili swali liulizwe mahali panapostahili.

Wapo watakaosema kwamba shahidi wetu ni mmoja, naye ana kesi. Salme aliandika kitabu akiwa na kinyongo na Barghash, akidai mali. Ni lazima tumsome kwa tahadhari. Lakini matukio makubwa hayamtegemei yeye pekee: uasi, shamba la Marseilles na uhamisho wa Bombay vimo pia katika maandishi ya Waingereza wa wakati huo, ambao balozi wao Unguja alikuwa Rigby. Alichokiona Salme peke yake ni mambo ya ndani, na hapo mchoro unatakiwa uonyeshe macho ya nani yanatazama. Jenogramu iliyochorwa kutoka kwa Barghash huenda ingeukata mstari wa Salme mapema zaidi. Pia inatubidi tuseme wazi kwamba alama za Bowen na McGoldrick zilibuniwa kwa ajili ya ndoa za Wamarekani. Hakuna kati yake inayotosha kwa suria, mwanamke aliyenunuliwa na ambaye ridhaa yake hakuna aliyeiuliza. Kumchora kama "mke wa pili" ni kuufunika utumwa kwa mstari mzuri. Wachoraji wa kwetu wanapaswa kubuni alama yao, na jambo hilo ni kazi ya wasomi wa hapa, wasisubiri toleo jipya kutoka Marekani.

Mwisho kuna pingamizi la heshima: ya nyumbani hayatolewi barazani. Nakubali kwamba jenogramu ya watu walio hai ni mali yao, na haifai kuchorwa gazetini wala kubandikwa ubao wa darasa. Hilo, hata hivyo, haliwazuii wale ambao kazi yao inawaingiza ndani ya familia kila siku. Afisa ustawi wa jamii anayeshughulikia mtoto mtoro, mshauri wa ndoa, sheikh au mchungaji anayesuluhisha urithi, wote hukutana na fomu inayouliza jina la baba na jina la mama, na kuishia hapo. Katika nchi zetu ambako mtoto mmoja amelelewa na bibi Tanga, mdogo wake na mama wa kambo Mombasa, na wa tatu amezaliwa baada ya baba kupoteza kazi, fomu hiyo inatangaza usawa ambao haukuwapo. Halafu watoto hao wanapotofautiana tunamsifu mmoja na kumlaani mwingine, kana kwamba walipewa chungu kimoja wapike.

Waandishi wa habari na wa wasifu nao wana deni. Koo kubwa za siasa na biashara za Afrika Mashariki huandikwa kama nasaba ya zamani: mzee mwanzilishi, mrithi mwema, mtoto aliyepotea. Mke wa kwanza anatajwa kwa sentensi moja, dada hawatajwi, na miaka ya vifo haijapangwa mbele ya macho ya msomaji. Kuuchora ukoo kabla ya kuuandika hakumwondolei mtu wajibu wa matendo yake. Barghash aliamua kuasi, Salme aliamua kuandika zile barua, na Majid, aliyekuwa na kila sababu ya kulipiza, aliamua kusamehe. Lakini uamuzi hupimwa kwa haki pale tu tunapojua aliyeamua alikuwa amesimama wapi, na mwenzake wapi. Anayewalinganisha ndugu bila kuujua umbali huo hana anachokipima isipokuwa upendeleo wake mwenyewe.